Nyumba ya Wannsee: Nguzo, Bustani na Kikao cha Saa Moja na Nusu

Maneno haya yalisemwa Berlin, mbele ya wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi mjini humo, jioni ya kuamkia ziara yao ya Wannsee.

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, kina baba, vijana, habari za jioni.

Kesho tunakwenda Wannsee, na nimeombwa niseme machache kabla hatujafika. Kazi yangu ni kuchora ramani za majengo, kwa hiyo nitaanzia pale ninapopajua: ukuta, nguzo, paa. Najua wengi wenu mmeshasikia habari za nyumba hii, na mnajua kwamba jina lake limefungamana na balaa: humo ndimo wakubwa wa Wanazi walimokaa mwaka 1942 kujadili mauaji ya Wayahudi wa Ulaya. Hata hivyo nawaomba mniachie niisifu kwanza. Ni nyumba nzuri. Nitalirudia neno hilo jioni hii, kwa sababu asiyeuona uzuri wake atatoka pale kesho akidhani amezuru pango la mashetani, na hapo atakuwa amekosa jambo lenyewe.

Tuanze na mahali. Wannsee ni ghuba ya mto Havel, kusini-magharibi mwa Berlin. Maji yametulia, misonobari imeshuka hadi ufukweni, na ng'ambo yake utaona mchanga mweupe wa pwani ya kuogelea ambayo watu wa mjini wameipenda tangu 1907. Katika miaka ya 1860 mwenye benki mmoja, Wilhelm Conrad, alianza kununua ardhi huko akaanzisha mtaa wa majumba ya matajiri. Ukaja kuitwa Alsen, kwa jina la kisiwa ambacho Waprusia walikiteka kutoka kwa Wadenmark mwaka 1864. Reli ilipofika mwaka 1874, tajiri wa Berlin aliweza kufanya kazi mjini mchana na kula chakula cha jioni akitazama tanga za mashua.

Mwaka 1914 mwenye kiwanda cha dawa, Ernst Marlier, alianza kujenga pale panapoitwa leo Am Großen Wannsee 56–58. Nyumba ikamalizika mwaka 1915. Yaani Ulaya ilikuwa tayari vitani, vijana wanakufa kwenye mahandaki, na huku mafundi wanapiga lipu, wananyoosha kona, wanaweka marumaru.

Msanifu wake alikuwa Paul Otto August Baumgarten. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu bila kuelewa alitaka nini hamtaisoma nyumba. Wasanifu wa rika lake walikuwa wamechoshwa na majumba ya baba zao: minara midogo midogo, mapambo yaliyobandikwa kila mahali kama harusi isiyokwisha. Wakageuka nyuma wakatazama miaka ya 1800 hivi, wakati Karl Friedrich Schinkel na wenzake walipojenga Berlin na Potsdam kwa kufuata adabu ya Wagiriki na Warumi wa kale. Adabu hiyo ni mizani. Piga mstari wa kufikirika katikati ya uso wa nyumba, uone upande wa kulia unavyoujibu wa kushoto: dirisha kwa dirisha, nguzo kwa nguzo. Hakuna kinachopiga kelele.

Kesho mtaingia kwa lango la barabarani na kuikuta njia inayozunguka bustani ya maua ya mviringo. Msikimbilie mlangoni. Simameni pale mwanzo wa njia. Mgeni wa mwaka 1915 aliletwa kwa gari kupitia njia hiyo, na msanifu alitaka aione nyumba nzima usoni kabla ya kuikanyaga. Halafu muitazame kwa nyuma. Vyumba vikubwa vyote vimepangwa upande wa ziwa, na mbele yake kuna baraza pana, na kutoka barazani ardhi inateremka polepole hadi majini. Kuna chumba cha vioo cha kukaa wakati wa baridi. Kuna sanamu za watoto wanono wa mawe, wale wa Kirumi wanaocheza na mashada. Mimi mara ya kwanza nilikaa kwenye baraza ile karibu nusu saa nzima nikitazama maji, daftari mkononi, nikichora. Nilikuwa sijaingia ndani bado. Ningekuwa mwongo nikisema nilihisi ubaridi wowote mgongoni. Nilihisi raha.

Mwendo wa dakika chache kutoka hapo kuna nyumba nyingine, ndogo zaidi, ambayo tutaipitia tukirudi. Baumgarten huyuhuyu aliijenga miaka mitano kabla, mwaka 1909, kwa ajili ya mchoraji Max Liebermann. Ukizijua nguzo za moja utazitambua za nyingine. Ni mkono uleule, adabu ileile. Liebermann alikuwa Mberlin, Myahudi, na mmoja wa wachoraji wakubwa wa Ujerumani. Akaishi pale majira ya joto, akaichora bustani yake tena na tena: viti, miti ya mibetula iliyoachwa isimame katikati ya njia, vitalu vya maua vinavyowaka jua. Picha za bustani ile moja zinapita 200. Alikuwa rais wa chuo cha sanaa cha Prussia hadi 1932, na raia wa heshima wa jiji. Wanazi waliposhika madaraka mwaka 1933 akajiuzulu nafasi zake, na mwaka 1935 akafariki. Mjane wake, Martha, alilazimishwa kuiuza nyumba mwaka 1940. Machi 1943 alipopata habari kwamba anakuja kuchukuliwa apelekwe kambi ya Theresienstadt, alikunywa sumu. Alikuwa na umri wa miaka 85.

Na msanifu? Baumgarten aliendelea na kazi. Mwaka 1938 jumba kubwa la maigizo la Saarbrücken lilikamilika kwa michoro yake, limejengwa kwa fahari ya utawala wa Hitler. Nguzo tena, mizani tena. Sisemi nguzo zina hatia. Nasema mkono uleule unaweza kumjengea Liebermann nyumba na baadaye ukamjengea anayemfukuza mjane wa Liebermann, na mstari ukabaki umenyooka vilevile. Nyinyi vijana mnaosomea ujenzi katika vyuo vya hapa, jambo hili ni lenu.

Turudi kwenye nyumba yetu. Marlier hakukaa sana. Mwaka 1921 aliiuza, na aliyekuja kuishi humo ni Friedrich Minoux, mfanyabiashara mkubwa wa makaa na umeme. Minoux naye akakamatwa kwa kuliibia shirika la gesi la Berlin, na Novemba 1940, akiwa tayari mikononi mwa sheria, akaiuza kwa mfuko ulioitwa Nordhav kwa mark milioni 1.95. Mfuko huo ulianzishwa na Reinhard Heydrich, mkuu wa polisi ya usalama wa SS, kile kikosi cha Wanazi chenye silaha, kwa ajili ya kununua nyumba za mapumziko za watu wake. Ikawa nyumba ya wageni. Afisa akitoka Poland au Urusi kikazi, anakuja pale analala, anaangalia ziwa, anacheza biliadi.

Jumanne tarehe 20 Januari 1942, saa sita mchana, kikafanyika kikao.

Natumia neno kikao kwa makusudi. Sisi sote tunajua kikao ni nini. Kuna mwaliko, kuna mwenyekiti, kuna katibu anayeandika, kuna kumbukumbu zitakazosambazwa baadaye. Na kuna chakula. Mwaliko wa Heydrich ulisema wazi: mazungumzo, na baada yake kifungua kinywa cha mchana. Walikuja wanaume 15. Zaidi ya nusu yao walikuwa na shahada ya udaktari, wengi wao ya sheria. Kulikuwa na makatibu wakuu wa wizara: Mambo ya Ndani, Sheria. Kulikuwa na mtu wa Mambo ya Nje, mtu wa ofisi ya Kansela, watu wa chama, watu wa SS. Kwa muda wa saa moja na nusu hivi wakajadili namna ofisi zao zitakavyoshirikiana kuwaua Wayahudi wote wa Ulaya.

Kuna kosa ambalo watu husema sana, kwamba mauaji yaliamuliwa pale mezani. Hapana. Mauaji yalikuwa yameanza zamani. Mwishoni mwa Septemba 1941, kwa siku mbili, watu 33,771 walipigwa risasi kwenye korongo la Babyn Yar nje ya Kyiv. Desemba gari za kuulia watu kwa gesi zilikuwa zikifanya kazi Chełmno, huko Poland. Mmoja wa waliokaa pale mezani, Rudolf Lange, alikuja kutoka Riga, mji mkuu wa Latvia, ambako wiki chache tu nyuma maelfu walikuwa wameuawa msituni, na yeye mwenyewe akiwa mmoja wa wakubwa wa shughuli hiyo. Kilichofanyika Wannsee ni kuhakikisha kwamba kila wizara inajua, kila wizara imo, na hakuna atakayesema kesho kwamba hakushirikishwa. Kwangu mimi hilo ni baya kuliko uamuzi. Uamuzi huweza kuwa wa mwendawazimu mmoja. Kikao ni cha watu wazima wenye akili zao.

Kumbukumbu ziliandikwa na Adolf Eichmann, afisa wa Heydrich aliyeshughulikia kuwahamisha Wayahudi, kurasa 15, zikatolewa nakala 30. Kesho mtaziona ukutani. Msizipite haraka. Ukurasa wa sita ni jedwali la nchi, kama lile ambalo karani yeyote angeliandaa: nchi upande huu, idadi upande ule, jumla chini, zaidi ya 11,000,000. Uingereza 330,000. Uswisi 18,000. Ireland 4,000. Yaani hata nchi ambazo hawakuzitawala zimo. Estonia imeandikwa neno moja tu, kwamba haina tena Wayahudi. Na kuna mstari wa Albania: 200. Huo mstari wa Albania ndio ulionivunja. Milioni huwezi kuziona, akili inakataa. Lakini watu 200 ni arusi moja. Ni msikiti mmoja siku ya Ijumaa ya kawaida. Mtu alikaa ofisini akawahesabu, akaweka tarakimu zao kwenye jedwali, akapiga chapa.

Hakuna neno "kuua" katika kumbukumbu zile. Kuna "kuhamisha kuelekea mashariki", kuna "kupungua kwa njia ya asili", kuna "kushughulikiwa ipasavyo". Lugha imepigwa lipu kama ukuta wa nje. Josef Bühler, aliyeiwakilisha serikali ya kiraia ya Wajerumani huko Poland, aliomba eneo lake lianze kwanza, kwa hoja kwamba usafiri hautakuwa tatizo kubwa. Akisimulia mahakamani Jerusalem mwaka 1961, Eichmann alikumbuka kwamba wahudumu walipitisha konyaki.

Sasa mtaniuliza, na mmoja wenu aliniuliza hapo mlangoni: sisi yanatuhusu nini, hayo si mambo ya Wazungu wenyewe kwa wenyewe? Nitajibu kwa mambo mawili, yote ya kweli na yote ya karibu.

La kwanza ni Bukini. Kabla ya kufikia mashine za kuua, katika kiangazi cha 1940, Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani na ofisi ya Eichmann ziliandika mpango wa kuwahamishia Wayahudi milioni kadhaa kwenye kisiwa cha Bukini, Madagaska, kisiwa cha watu wa bahari yetu, kilichokuwa koloni la Ufaransa. Waandishi wa mpango hawakuona haja ya kuwauliza wenyeji wa Bukini. Kisiwa kilikuwa tarakimu kwenye meza kama vile watu walivyokuwa tarakimu. Mpango ulikwama kwa kuwa Waingereza walishika njia za bahari. Mkubwa wa ofisi ya Mambo ya Nje iliyouandika, Martin Luther, ndiye aliyekaa Wannsee kwa niaba ya wizara hiyo. Msimchanganye na mwanzilishi wa Walutheri, ni mtu mwingine kabisa.

La pili ni la mtu wetu. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Akiwa mtoto alipigana upande wa Wajerumani katika vita vya kwanza, na mwaka 1929 akaja hapa Berlin kudai mishahara ya askari, yake na ya baba yake, ambayo hawakulipwa. Hakulipwa. Akabaki, akafanya kazi ya uhudumu hotelini, akaigiza sinema, na akafundisha Kiswahili chuoni, katika mji huuhuu, lugha hiihii ninayowaambia nayo maneno haya. Sheria za ubaguzi za Nuremberg za mwaka 1935 ziliandikwa dhidi ya Wayahudi, kisha zikatumiwa pia dhidi ya Weusi na Waromani, wale waliokuwa wakiitwa Majipsi. Mmoja wa walioshiriki kuziandika, Wilhelm Stuckart, alikaa kwenye meza ya Wannsee. Mwaka 1941 Husen alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mweupe. Hakupelekwa mahakamani. Alipelekwa kambi ya Sachsenhausen, kaskazini mwa jiji, na huko akafa tarehe 24 Novemba 1944. Kibao chake kidogo cha shaba kimepachikwa chini njiani, Brunnenstraße 193. Anayepita hapo na asome jina lake kwa sauti.

Na katika kambi hiyohiyo ya Sachsenhausen, tangu 1943, alifungwa pia yule Martin Luther wa Mambo ya Nje, kwa kosa la kumpangia hila waziri wake. Alitendewa vizuri kuliko wafungwa wengine. Nakala ya kumbukumbu iliyotumwa kwake, ya 16 kati ya zile 30, ndiyo pekee iliyopatikana, na ilipatikana mwaka 1947 kwenye majalada ya wizara yake, na watu wa mwendesha mashtaka Robert Kempner. Kama jalada hilo nalo lingechomwa, leo tungekuwa na nyumba nzuri kando ya maji na wazee wachache wa kukana.

Baada ya vita ilikuwaje? Walikaa Warusi, wakakaa Wamarekani, ikawa chuo cha SPD, chama cha Kisoshalisti cha Kidemokrasia, na kuanzia 1952 hadi 1988 ikawa nyumba ya mapumziko ya watoto wa shule wa Neukölln, wilaya ya Berlin. Miaka 36 watoto wamelala kwenye vyumba vile, wamekimbia kwenye nyasi zile. Watoto hawana kosa. Lakini kulikuwa na mtu mmoja aliyeona kwamba nyumba hiyo inapaswa kusema. Jina lake Joseph Wulf. Alizaliwa Chemnitz, alipitia kambi ya mauaji ya Auschwitz akatoka hai, na alikuja kuishi Berlin, akiandika kitabu baada ya kitabu kutokana na hati za Wanazi wenyewe. Katikati ya miaka ya 1960 alianza kuomba nyumba ya Wannsee iwe kituo cha kutunzia hati na kufundishia. Alikataliwa. Wengine walisema watoto watapelekwa wapi, wengine walisema jengo la namna hiyo litavutia watu wabaya. Mwaka 1974 alimwandikia mwanawe kwamba ameandika vitabu vyote hivyo na havijabadili kitu, na wauaji wanatembea huru, wana vijumba vyao, wanapanda maua. Oktoba mwaka huohuo alijirusha dirishani.

Hakukosea kuhusu wauaji. Gerhard Klopfer, mmoja wa wale 15, alirudi kufanya kazi ya uwakili huko Ulm na akafa kitandani mwake mwaka 1987. Miaka 13 baada ya Wulf.

Nyumba ilifunguliwa kuwa ya kumbukumbu na mafunzo Januari 1992, miaka 50 baada ya kikao, na maktaba yake imepewa jina la Joseph Wulf. Nimefurahi kwamba hawakuibomoa, na nimefurahi zaidi kwamba hawakuifanya ya kutisha. Hawakuipaka rangi nyeusi. Bustani imetunzwa, lipu imetengenezwa, maji bado yanameremeta kwenye madirisha ya chumba cha kulia, ambacho ndicho kinachoaminika kuwa kikao kilifanyika ndani yake. Mtasimama pale na kusoma jedwali, mkiinua macho mtaona mashua. Kuna wageni wanaolalamika kwamba hilo linawachanganya. Mimi naona hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa wale 15 pia: waliona maji yaleyale, wakamaliza ajenda, wakaenda kula.

Sasa mipango. Tukutane stesheni ya Friedrichstraße saa tatu kamili asubuhi, tupande S7 hadi Wannsee, kisha basi 114. Kiingilio hakuna. Nyumba inafunguliwa saa nne, kwa hiyo tutakuwa na muda wa kusimama nje, mwanzo wa njia, kama nilivyowaomba. Upande wa ziwa kuna upepo hata jua likiwaka. Wazee wavae kitu kizito. Wenye watoto wadogo, mama mmoja kati yetu amejitolea kukaa nao bustanini wakati tuko ndani, tumshukuru. Tukitoka, tutatembea kwa miguu hadi kwa Liebermann, na wakati huu wa maua mtaona mibetula imesimama katikati ya njia.